Sumu Tunayoivuta
Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Dunia ilipokuwa changa ilivaa haidrojeni na heli, gesi nyepesi zisizotulia. Zikatoroka, zikaishia anga za mbali. Volkano zikatapika angahewa ya pili: mvuke, hewa ukaa, naitrojeni. Mvuke ukapoa, ukanyesha, bahari zikajaa. Uhai ukaanza, mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Tukamwacha kijidudu mmoja kwenye maji ya kina kifupi, juani, akinyemelea kitu ambacho wenzake wote walikuwa wameshindwa kukivunja.

SASA ENDELEA...

Alikuwa ananyemelea maji.

Ndiyo, maji tu. Najua ulitarajia kitu cha kutisha zaidi. Vuta subira, ndugu yangu, huyu ni hatari kuliko anavyoonekana.

Tuko miaka bilioni 2.7 iliyopita. (Tarehe ya kuzaliwa kwa mgeni wetu wataalamu wanaigombania mpaka leo. Mimi nimemweka hapa ili simulizi isonge.) Ungeshushwa pale sasa hivi, usingemaliza hata dakika moja umesimama. Si kwa sababu ya mnyama mkali, maana mnyama hayupo. Ungevuta pumzi, kifua kingejaa vizuri kabisa, na bado ungeanguka chini.

Naitrojeni ipo tele. Hewa ukaa ipo kuliko ya leo. Methani ipo. Ile moja unayoihitaji, hakuna.

Jua lenyewe lilikuwa hafifu, pungufu ya la leo kwa karibu asilimia 20. Kwa hesabu za kawaida bahari zilipaswa kuganda zote. Mbona hazikuganda? Methani na hewa ukaa zilikuwa zimelishika joto lisitoroke.

Iweke akilini hiyo methani. Kuna mtu ataigusa, na dunia nzima itajuta.

Wenye mji wakati huo walikuwa vijidudu wasioijua oksijeni. Wengine ndio waliokuwa wakitengeneza hiyo methani. Wengine walijipatia riziki kwa salfa, wengine kwa chuma. Walikuwepo waliokwisha kujua kutumia mwanga wa jua, lakini kazi yao ilihitaji malighafi ya kubahatisha: haidrojeni, au gesi ile ya salfa inayonuka yai viza. Vitu vya kupatikana karibu na volkano, ukibahatika.

Sasa mtazame mgeni. Jina lake sianobakteria. Rangi yake kijani cha kuelekea bluu. Ameangalia huku na huku na kujiuliza: kwa nini nihangaike na volkano wakati nimezungukwa na maji?

Tatizo ni kwamba maji hayachaniki kirahisi. Haidrojeni na oksijeni zimeshikana pale kwa nguvu. Lakini huyu alikuwa na mtambo ndani yake, mdogo ajabu, wenye atomu nne za manganizi na moja ya kalisi. Mwanga unapiga mara moja. Mtambo unajikaza. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Mara ya nne, molekuli mbili za maji zinapasuka.

Anachukua anachokitaka, elektroni na haidrojeni, ajijengee sukari. Kinachobaki anakitupa nje. Hana haja nacho. Takataka tu.

Takataka hiyo ndiyo unayoivuta hivi sasa unaposoma mstari huu.

Umeshtuka? Vuta tena, haina ubaya kwako. Na mtambo ule haujabadilika mpaka leo. Uko kwenye jani la mchicha, kwenye kisamvu, kwenye mwani wanaoulima akina mama wa Paje kule Unguja. Manganizi nne, kalisi moja, mapigo manne ya mwanga. Sijaona fundi aliyetengeneza kitu kikadumu hivyo.

Basi fikiria. Maji yapo kila mahali. Jua linachomoza kila siku. Mwenye kuweza kuishi kwa hivyo viwili, nani atamzuia?

Utasema hewa ikajaa oksijeni, wenye mji wakafa, hadithi ikaisha.

Thubutu!

Oksijeni haikufika hewani. Ilitoka, lakini haikufika. Kila kipovu kilipojitokeza, kuna aliyekuwa anakisubiri na kukimeza palepale.

Nani huyo?

Chuma.

Bahari za wakati ule zilikuwa na chuma kilichoyeyuka ndani ya maji, kikibubujika kutoka chemchemi za moto zilizo chini ya bahari. Chuma cha namna hiyo kikikutana na oksijeni kinakuwa kutu, na kutu haiyeyuki. Inazama. Kipovu kimoja, chembe za kutu, sakafuni. Kipovu kingine, sakafuni.

Twende Geita kidogo. Watu wakiisikia Geita wanawaza dhahabu, nami siwalaumu. Lakini dhahabu nyingi ya pale imejificha ndani ya mwamba wenye mistari, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.6. Shika kipande mkononi. Mstari mweusi wa chuma, chini yake mstari wa kijivu wa silika, kisha mweusi tena, mingine haifiki hata unene wa ukucha. Sogeza sumaku. Inanata! Hapo umeshika sakafu ya bahari, ndugu yangu, huku Ziwa Victoria likiwa jirani tu na pwani ikiwa mbali kabisa.

Wapo wanaosema si chuma chote hicho kilichoshushwa na oksijeni. Kuna bakteria wengine walioweza kukitia kutu kwa mwanga wa jua peke yake. Inawezekana. Lakini kule Hamersley, Australia Magharibi, mwamba wa aina hii umerundikana kwa unene wa mamia ya mita, na chuma kingi kinachochimbwa duniani leo kinatoka kwenye miamba ya ukoo huo. Nondo za ghorofa linalojengwa mtaani kwenu, yumkini zilianza hivyo.

Na chuma hakikuwa peke yake. Gesi za volkano nazo zilimeza. Methani nayo ilimeza. Mgeni anatema, dunia inameza. Miaka milioni mia moja. Mia mbili. Mia tatu.

Nani atachoka kwanza?

Kuna wakati, miaka bilioni 2.5 hivi iliyopita, oksijeni ilichungulia. Mwaka 2007 Ariel Anbar na wenzake walitangaza kwamba mwamba wa Mount McRae huko Australia una alama zake: kidogo tu, kwa muda tu. Ikachungulia, ikakamatwa, ikarudishwa ndani.

Najua kuna msomaji mmoja mbishi anayekunja uso: "Haya umeyajuaje wewe? Ulikuwepo?"

Sikuwepo. Mashahidi walikuwepo, na wengine tumewahi kuwashika wenyewe bila kujua.

Kuna familia huku Nyanda za Juu Kusini ambazo babu zao walichukuliwa na Wenela, waajiri wa vibarua wa migodini, kwenda Johannesburg kuchimba dhahabu. Walishushwa chini kabisa, gizani, kuvunja mwamba wa Witwatersrand. Mwamba ule ni kokoto za mto wa kale, zikiwa zimegandamana. Baadhi ya kokoto hizo zinang'aa manjano, lakini si dhahabu. Ni pairaiti, chuma na salfa, ile inayoitwa dhahabu ya wajinga. Nyingine ni duara safi. Zimeviringishwa na mto kwa safari ndefu, zikasuguliwa, zikatulia, karibu miaka bilioni 2.9 iliyopita.

Kuna ubaya gani hapo?

Ubaya ni huu. Pairaiti haivumilii hewa yetu. Iache nje ipigwe na mvua, inaoza, inageuka kutu na tindikali. Ndiyo maana migodi ya zamani ya Johannesburg inapojaa maji, yanayotoka ni maji makali yenye rangi ya kutu, yanayoua mito. Pairaiti ile ile! Ilisafiri mtoni bila kudhurika hata kidogo wakati ule. Leo ikikutana na hewa yetu, inakufa.

Basi ni wazi mto ule ulipita chini ya hewa nyingine.

Na kabla hatujaondoka mgodini, inama uokote punje nyingine, nyeusi, nzito kuliko ukubwa wake. Ni uraniniti, jiwe la urani. Nayo ilipaswa kuyeyuka mtoni, na haikuyeyuka. Tia mfukoni. Usiniulize ya nini. Utaniuliza baadaye kidogo.

Shahidi wa pili alipatikana maabara, mwaka 2000. James Farquhar, Huiming Bao na Mark Thiemens, wote wakiwa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, walipima salfa iliyomo kwenye miamba ya kila umri. Salfa ina aina nne thabiti zinazotofautiana kwa uzito tu. Chochote kikizitenganisha, iwe joto au bakteria, hufuata uzito: tofauti ya uzito ikizidi maradufu, na mtengano nao huzidi karibu maradufu. Ni sheria ya kuchosha, ndiyo maana inaaminika.

Kwenye miamba ya kale sana, sheria hiyo iligoma.

Waliyemshuku alikuwa mwanga wa urujuanimno, ukiipiga gesi ya volkano hewani moja kwa moja, bila ozoni ya kuuzuia. Na ozoni hutengenezwa na nini? Oksijeni. Hakuna oksijeni, hakuna ozoni, na salfa inabeba alama ile ya ajabu mpaka chini kwenye tope.

Halafu uchunguzi ukapanda juu, mwamba kwa mwamba, kuelekea umri mdogo. Kwenye miamba ya Transvaal, Afrika Kusini, alama ipo, ipo, ipo...

Kufika kama miaka bilioni 2.33 iliyopita, haipo. Haijarudi mpaka leo.

Kuna aliyechoka.

Wengi wanazitazama volkano, kwamba zilianza kutoa gesi chache za kumeza oksijeni. Lakini mwaka 2001 David Catling na wenzake walitaja mtuhumiwa mwingine, nami ukinibana nitampigia yeye kura. Methani ikipanda juu sana, mwanga wa jua unaipasua, na haidrojeni yake inaponyoka. Unamkumbuka mtoro wetu wa sehemu ya kwanza? Ni yeye! Bado alikuwa anatoroka, kidogo kidogo, kwa mamilioni ya miaka. Na kila haidrojeni iliyoondoka ilikuwa mkono mmoja pungufu wa kuikamata oksijeni.

Siku mikono ilipopungua kuliko vipovu, mlango ukafunguka.

Nini kilitokea kwa wenye mji?

Oksijeni ni mnyang'anyi. Inapokonya elektroni popote inapozikuta. Ikiingia kwenye kijidudu asiyeizoea, inavamia vimeng'enya vyake vilivyojengwa kwa chuma na salfa, inavivuruga, na ndani ya mwili kunazaliwa vipande vikali vinavyokata kila kilicho karibu. Waliokufa hawakuacha mifupa wala makaburi. Tunajua tu waliobaki walikimbilia wapi, kwa sababu bado wapo huko.

Umewahi kuvuka Ziwa Tanganyika? Migebuka na dagaa unaowala Kigoma wanaishi sehemu ya juu tu. Ukishapita mita 100 upande wa kaskazini, au 200 na ushee upande wa kusini, oksijeni imekwisha. Na ziwa lile lina kina cha mita 1,470! Sehemu kubwa ya maji yake ni ya wakimbizi. Kule Kivu wameshika mpaka ile kazi yao ya zamani ya kutengeneza methani: imejikusanya chini ya ziwa kiasi cha mita za ujazo bilioni 60 hivi, na Rwanda inaivuna kuzalisha umeme.

Wengine wamo tumboni mwa ng'ombe. Wengine wamo tumboni mwako, na tafadhali usiwadharau.

Na kuna mmoja mbaya. Ukichomwa na msumari, nesi anakimbilia kukuuliza kama umechanjwa pepopunda. Watu hudhani ni kutu inayoua. Siyo kutu. Bakteria wa pepopunda haivumilii oksijeni. Kwenye udongo anajifunga ndani ya ganda na kulala. Tundu la msumari ni refu na jembamba, hewa haifiki chini. Humo ndimo anamoamka.

Lakini tusipotee. Tulimwacha muuaji akisherehekea, na nilikuahidi methani.

Oksijeni ilipoenea hewani iliikuta methani imetulia juu kule, ikiishikilia dunia joto. Ikaila.

Jua bado ni hafifu. Mlinzi wa joto ameondolewa. Unadhani nini kilifuata?

Baridi. Barafu ikaanza kwenye ncha za dunia, ikashuka. Barafu ni nyeupe, inarudisha mwanga angani, kwa hiyo baridi ikazaa baridi. Miamba ya Makganyene huko Afrika Kusini ina mikwaruzo na mawe yaliyobebwa na barafu, na sumaku iliyoganda ndani ya lava iliyomwagika juu yake inasema jambo la kutisha: mahali pale palikuwa jirani na ikweta.

Barafu karibu na ikweta! Joseph Kirschvink, ambaye ndiye aliyeipa dunia ya namna hiyo jina la mpira wa theluji, alidai na wenzake mwaka 2005 kwamba aliyeleta maafa yale ni sianobakteria mwenyewe. Wapo wanaombishia juu ya mpangilio wa tarehe. Lakini itazame picha: muuaji amewamaliza wenyeji, amelivunja paa, na sasa barafu imemfunika naye, mwanga haupiti.

Alikufa?

Hakufa. Volkano hazijui baridi. Ziliendelea kutoa hewa ukaa, na barafu ilipofunika nchi na bahari hapakuwa na wa kuifyonza. Ikarundikana mpaka joto likarudi na barafu ikapasuka. Haya nayapitisha haraka kwa makusudi, kwa sababu kilichonileta leo kiko mbele.

Nchi kavu ikaanza kuwa nyekundu. Udongo wa kutu, uliolazwa na mito juu ya mabara, unaonekana waziwazi kwenye miamba kuanzia miaka bilioni 2.3 hivi iliyopita. Oksijeni sasa ilikuwa inatembea nchi nzima ikigusa kila jiwe.

Ikaigusa na urani.

Toa ile punje mfukoni. Zamani ilibingirika mtoni bila kuyeyuka. Sasa haiwezi tena. Maji yenye oksijeni yanaiyeyusha na kuibeba, huku kidogo, kule kidogo, mito mizima ikisafirisha urani isiyoonekana. Sehemu fulani ya Afrika ya Kati maji hayo yakapita kwenye tabaka lililojaa mabaki ya viumbe waliooza, yakaporwa oksijeni yake, na urani ikashuka chini. Ikarundikana, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa nyingi na nzito mahali pamoja.

Mahali hapo leo panaitwa Oklo, nchini Gabon.

Ruka nami miaka bilioni mbili mbele. Mwaka 1972, kiwanda cha Pierrelatte, Ufaransa. Mtaalamu anapima urani iliyotoka Gabon, kazi ya kila siku, kazi ya kupigia miayo. Katika kila urani duniani, ile aina ya 235, inayotumika kwenye vinu vya nyuklia na kwenye mabomu, ni asilimia 0.720. Hata mawe yaliyoletwa kutoka mwezini yanasema hivyo hivyo.

Kipimo kikaandika 0.717.

Utasema tofauti hiyo si kitu, apige muhuri aende chakula cha mchana. Hapana! Ukiwa na dhamana ya kitu kinachotengenezea mabomu, hakuna upungufu mdogo. Akapima tena. 0.717.

Wakafuata nyaraka za meli, wakafuata magunia, wakafika mpaka mgodini. Sampuli nyingine zilikuwa mbaya zaidi: moja ilishuka mpaka 0.440. Walipojumlisha, zilikosekana kilo 200 hivi. Zinatosha kwa mabomu kadhaa.

Nani kaziiba? Hakuna kufuli iliyovunjwa. Urani haikuguswa bandarini wala kiwandani. Upungufu ulikuwemo ndani ya mwamba wenyewe, tangu kabla mtu yeyote hajauchimba.

Wakaamua kupima neodimi iliyomo kwenye jiwe lile lile. Namba zilipotoka, walizitambua. Walikuwa wamezoea kuziona, lakini si kwenye mawe. Hizo ni namba za mafuta yaliyokwisha kuungua ndani ya kinu cha nyuklia.

Kinu, chini ya msitu wa Gabon, ndani ya mwamba wa miaka bilioni mbili.

Nani alikijenga? Na nani alikizima?

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.